Konzi Tano za Karafuu

Rabat, bwenini
Jumatano, 2 Machi 1988

Kwa binamu yangu Shama,

Salamu kwako, na Bibi mbusu mkono kwa niaba yangu. Mimi sijambo, ila kikohozi kidogo.

Shangazi Haniya alipita hapa Jumapili alipokuja kununua kitambaa cha harusi yake. Tuliruhusiwa kukaa naye nusu saa kwenye benchi la getini. Akanipa habari zote za nyumbani. Kwamba umepewa upande wangu wa kitanda cha Bibi, ule wa ukutani. Kwamba umeacha kulia. Nimefurahi. Kisha akasema huku akicheka, "Bibi yenu siku hizi hanusi bakuli mpaka Shama anuse kwanza."

Labda wewe uliyekulia Lyon hukuambiwa maana yake, kwa hiyo nikueleze. Nusu ya maharusi wa Sefru wanaoga kwa ghasuli ya Bibi, udongo wa kuoshea nywele na mwili. Ule udongo unaouzwa sokoni kwa kilo ni udongo tu, unatoa mafuta kichwani, basi. Wa Bibi hunyweshwa maji manne ya maua na viungo, moja baada ya jingine, na kila maji yakiingia yeye huinua bakuli puani akasema ama "bado" ama "basi". Hajawahi kumpa mtu bakuli kabla yake. Hakumpa mama yangu, hakumpa Shangazi. Mimi nimekaa kando ya sinia lake juu ya paa tangu nina miaka sita, mama alipofariki, na kazi yangu ilikuwa kufukuza nyuki. Aliniahidi nikitimiza kumi na sita atanipa ninuse maji ya mwisho kabla yake, na tangu hapo kazi ni yangu. Nilitimiza Januari, nikiwa hapa.

Nauliza tu. Ni kweli?

Uniwie radhi kwa kukuandikia Kiarabu. Shuleni tunaandika Kifaransa kutwa, mkono wangu umekichoka.

Wako,
Batuli


Sefru
Jumanne, 8 Machi 1988

Batuli wangu,

Barua yako imenichukua siku mbili. Nimeisoma kwa kidole, neno kwa neno, na maneno matatu yalinishinda nikaenda kumuuliza mwuza mikate. Nakujibu kwa Kifaransa, usinicheke. Nyumba nzima inanicheka tayari.

Bibi hutaka nimsomee barua zako kwa sauti, yeye anachambua dengu mimi nasoma. Nilimsomea yote ila pale pa kitanda na pale pa bakuli. Nikaruka nikasema, "Hapa anauliza hali yako." Akasema, "Kurasa mbili kuuliza hali yangu? Huko Rabat wanawafundisha nini?"

Unazikumbuka zile chupa zangu ulizoziona Desemba? Hazipo tena. Siku ile nilipofika Bibi alininusa kichwa mbele ya majirani akasema, "Mtoto gani huyu ananuka peremende?" Sabuni yangu ya nywele akampa jirani aoshee zulia. Ile dawa ya kwapa ya kupuliza akaiweka dirishani, anapulizia mende. Mimi nikapewa jiwe la shabu. Nililia siku hiyo, bila kukuficha. Nilidhani nitanuka kama ng'ombe. Sasa nalilowesha, napaka kwapani, naenda shule napanda ule mlima na kurudi, na hakuna anayenikimbia. Meno nasugua kwa gome la mjozi mpaka midomo inakuwa myekundu, na mwalimu wa hesabu ananifokea kwamba nimepaka rangi.

Sasa nina ombi. Wiki ijayo tunaanza ghasuli ya Shangazi. Bibi anasema hajawahi kupima kitu maishani mwake, hutia mpaka pua iseme basi, lakini anasema mwaka jana wewe ulikaa ukihesabu konzi zake na kuziandika kwenye daftari. Naomba hizo hesabu, za maji yote manne. Ya karafuu zaidi ya zote.

Na kuhusu bakuli, si kama unavyodhani. Siwezi kukueleza zaidi, nimeapa.

Nakukumbatia,
Shama


Rabat, bwenini
Jumapili, 13 Machi 1988

Kwa binamu yangu Shama,

Nimepokea yako. Daftari ninalo, liko chini ya godoro langu pamoja na picha ya mama.

Hesabu ni hizi, kwa udongo kilo nne, na konzi ni ya mkono wa Bibi, ambao ni mdogo. Maji ya kwanza, lavenda konzi sita. Ya pili, majani makavu ya mhadasi konzi nne. Ya tatu, mawaridi makavu konzi nane, na yasichemke, yamwagiwe tu maji ya moto. Ya nne, karafuu zilizotwangwa konzi tano.

Kila mara uchuje, umwagie udongo, uuache ulainike, kisha utandaze siniani juani. Ukianza kukauka usugue kwa viganja mpaka utoke chenga chenga. Viganja vitakuuma. Vyangu viliuma miaka kumi.

Nafurahi Bibi amepata wa kumsaidia.

Wako,
Batuli


Rabat, siku hiyohiyo

Shama,

Karatasi hii haiendi posta. Naiandika kwa sababu ile nyingine imekwishaondoka na mlinzi wa geti, na mimi nimekaa darasani peke yangu.

Karafuu ni konzi moja.

Nimeandika tano. Sikukosea. Kalamu ilisimama pale pa karafuu, nikakuona juu ya paa, umekaa mahali pangu, Bibi anakunyooshea bakuli kwa mikono miwili kama anavyomnyooshea mgeni wa heshima. Ukifumba macho. Ukisema "basi". Nikaandika tano, na mwandiko ukatoka mzuri kuliko wa maneno mengine yote.

Najua kitakachotokea. Bibi atainua bakuli mara moja tu, hata halijafika puani atasema, "Nani kakuambia utie karafuu kama za pilau?" Atamwaga. Utaona aibu. Atakumbuka kwamba mimi nisingekosea. Hilo tu ndilo ninalotaka. Udongo wa kilo nne si kitu, upo sokoni, na harusi bado mwezi mzima karibu.

Nakuandikia Kiarabu makusudi. Kifaransa changu ni kizuri, mwaka jana nilipewa zawadi. Nataka utoe jasho. Nataka uwe na kitu kimoja katika nyumba ile kinachokushinda, kwa sababu umeingia na sanduku moja na baada ya miezi mitatu unacho kitanda changu na dengu zangu na bibi yangu. Msichana mwenye mama yu hai Lyon, anayeweza kumpigia simu akitaka, anakuja kuchukua wa kwangu mmoja niliyebaki naye.

Nilitamani usingekuja. Nimeliandika, na silifuti.

Mbele za watu sisemi kitu. Hapa wananiita Bubu. Laiti wangejua yanayonijaa.

B.


Sefru
Alhamisi, 24 Machi 1988

Batuli, mjukuu wangu,

Mimi ndimi Bibi yako, nasema na huyu anaandika. Nimemwambia aandike kila ninalosema asipunguze.

Niko mzima. Magoti yanauma, lakini hilo usiliandike sana, asije akaacha masomo. Sasa mbona umeliandika? Haya, liache.

Shangazi yako amekuwa kichaa. Kila asubuhi ana jambo jipya, mara kaftani haimkai, mara mkwewe amemtazama vibaya. Nimemwambia, mwanangu, umri wako ni thelathini na mbili, umengoja miaka yote hiyo kwa utulivu, siku kumi na tano zinakushindaje? Jumatano ya tarehe sita tunampeleka hamamu. Shule yenu inafunga Jumatatu yake, kwa hiyo njoo na basi la Jumanne, usichelewe, nataka uwe upande wangu wa kulia tukiingia.

Ghasuli imekauka juzi. Naona rangi imekoza kuliko ya mwaka jana. Mwuza viungo anasema karafuu zake safari hii ni za Zanzibar zenyewe, labda ndizo. Huyu anasema iko sawa. Huyu naye Ijumaa amerudi kutoka hamamu shingo nyekundu kama ametiwa pilipili. Namuuliza, anasema amelalia blanketi la sufu. Mwanangu, nimelala na blanketi lile miaka arobaini, halijanitafuna. Watoto wa Ulaya ngozi zao ni za karatasi. Usiliandike hilo. Ameliandika, namwona anavyocheka.

Nimekukumbuka. Nyuki wamerudi juu ya paa na hakuna anayewafukuza vizuri.

Bibi yako,
Yamna


Batuli, kuanzia hapa ni mimi peke yangu. Bibi ameinuka kwenda kuswali, na hata angekuwa hapa hasomi.

Nilitia konzi tano kama ulivyoandika. Niliponusa macho yalitoka machozi, lakini nikasema labda ndivyo inavyotakiwa, mimi najua nini. Bibi akaniuliza, "Vipi?" Nikasema, "Kali kidogo." Akasema, "Batuli ameandika tano? Basi ni tano." Akaendelea kusugua.

Hakunusa. Hawezi. Januari alipata ile homa ya siku tisa, wewe uliambiwa ni mafua. Ilipoondoka, iliondoka na pua yake. Nilijua siku maziwa yalipoungulia jikoni, moshi umejaa, na yeye amekaa kando ya jiko anafuma. Akaniapisha nisimwambie mtu, kwa sababu ikijulikana kwamba Bi Yamna hanusi, hakuna bibi harusi atakayegonga mlango huu tena, na hajui kazi nyingine. Ndiyo maana nanusa kwanza. Pua yangu mimi imelelewa na peremende. Yako ndiyo anayoitaka. Akiinua bakuli, kila mara, anasema, "Angekuwapo Batuli angejua." Batuli angejua, Batuli angejua. Nimechoka kulisikia jina lako katika nyumba hii, Batuli. Kuna siku nalichukia.

Sikuiamini pua yangu, kwa hiyo Ijumaa, kabla ghasuli haijakauka, nilichukua kipande nikaoshea nywele zangu mwenyewe kabla hakijamfikia Shangazi. Hukai nacho kichwani dakika tano. Shingo na nyuma ya masikio viliwaka moto siku tatu. Ingekuwa uso wa bibi harusi, na wakwe wote wamejazana hamamu wanatazama.

Labda ulisahau. Daftari la mwaka jana, mwandiko wa haraka, inawezekana. Nitasema ulisahau, ukitaka. Bibi hahitaji kujua. Wewe niandikie tu hesabu ya kweli upesi, nitatengeneza nyingine asubuhi kabla ya shule.

Barua hii niliyoandika mwenyewe, je, umeona? Ni Kiarabu. Nimejifunza kwa barua zako.

Shama


Rabat, bwenini
Jumanne, 29 Machi 1988

Kwa Bibi yangu mpenzi, na kwa Shama atakayesoma,

Shama, isome barua hii kwa sauti mbele ya Bibi. Usiruke hata mstari. Najua huwa unaruka. Nimekutumia pamoja nayo karatasi nyingine, ya tarehe 13, ambayo sikutaka iende popote. Isome nayo. Nikiwa mbele yenu sitaweza kusema, mnanijua, nitatazama miguu yangu mpaka mtu anihurumie aniletee chai. Sitaki kuhurumiwa.

Bibi, karafuu ni konzi moja. Sikusahau. Niliandika tano ili Shama akosee na wewe umwone amekosea. Nilidhani utanusa. Nilikuwa na hakika utanusa, kama nilivyo na hakika na jina langu. Sikujua habari ya pua yako. Shama ameniambia, na tafadhali usimgombeze, aliniambia baada ya shingo yake kuungua kwa ajili yangu.

Nimekaa na barua yenu siku mbili mfukoni. Mara ya kwanza nilisoma pale pa shingo nikasoma tena. Unajua nilichofikiri kwanza, Bibi? Sikufikiri "masikini Shama". Nilifikiri, hata katika hili amenishinda. Mimi nilikuwa tayari kuharibu udongo, yeye akaupaka kwenye mwili wake ili kuujaribu. Hata wema wake nauonea wivu. Sijui mtu anafanyaje akiwa hivi. Nakwambia kwa sababu ulinifundisha kwamba doa lisiloonyeshwa dobi halitoki.

Shama amenipa njia ya kupita, aseme nilisahau. Ningeweza kuipita. Nililiandika kabisa neno hilo kwenye karatasi nyingine, "nilisahau", kwa Kifaransa ili lionekane dogo. Nikalichana.

Kama unaona kazi apewe Shama, mpe. Daftari nakuja nalo, ni lake.

Kutia viungo siwezi kwa mbali, lakini hesabu ya kweli ninayo: sita, nne, nane, moja. Moja, Shama. Ya mkono wa Bibi.

Mjukuu wako,
Batuli


Sefru
Ijumaa, 1 Aprili 1988

Batuli,

Barua yako imeletwa na dereva wa basi mwenyewe mkononi. Hii nampa yeye yule akurudishie, maana posta haitawahi.

Nimesoma. Bibi alikuwa anakanda mkate. Nilianza kwa sauti ya kawaida, nilipofika pale pa "sikusahau" nikasimama nikaurudia mstari. Akasema, "Endelea." Hakuacha kukanda. Nilipofika pale pa pua akaacha. Akanitazama, akasema, "Ala. Na kiapo je?" Nikasema, "Nilimwambia Batuli tu." Akasema, "Nyote wawili hamna kifua. Nimejaliwa wajukuu wawili, kifua hata kimoja hakuna." Kisha akarudi kukanda, kwa nguvu kuliko kawaida. Mkate ule ulitoka mgumu.

Habari yako aliirudia jioni, tukiwa juu ya paa tunaanua nguo. Nilidhani ataniambia nitupe ule udongo wa karafuu. Akacheka. "Utupe? Udongo wa mlimani, na jua lote lile?" Kesho tunanunua udongo mwingine kilo kumi na mbili, tunaunywesha maji matatu bila karafuu kabisa, tunachanganya humo. Anasema utatosha Shangazi na maharusi wanne baada yake. Jua linatosha mpaka Jumanne, tukiamka mapema. Utakuwa mzito wa karafuu kidogo, lakini hautachoma.

Sasa sikiliza, kwa sababu ameniambia niandike hivi hivi. "Barua yake nimeisikia. Sasa aje aseme kwa mdomo. Jumatano hamamu bakuli la Haniya atalibeba yeye, na kabla halijagusa kichwa atamwambia shangazi yake kwa nini ghasuli yake inanukia karafuu kuliko za maharusi wengine. Atamwambia yeye, si mimi wala si wewe. Akitazama miguu yake, tutangoja. Hamamu kuna joto, hatuna haraka. Na ya pua yangu nitaisema mimi mwenyewe, sijafa." Nikamuuliza, na kazi je, nani anapewa? Akasema, "Kazi gani? Nipewe kwanza mtu mwenye pua asiye na kijicho, na mwenye mikono asiyeogopa kuuliza swali. Mpaka sasa nina nusu mbili. Njooni wote tuone."

Mimi sijui kama nimekusamehe. Nikivaa sweta shingo bado inawasha, na ikiwasha nakukumbuka. Jumatano nitakaa karibu na wewe, lakini nitakuwa upande wa kushoto wa Bibi, wa kulia amekuwekea. Kitandani tutabanana watatu. Upande wa ukutani sitoki, nimekwambia mapema.

Na kitu kimoja. Ile karatasi ya tarehe 13 nimemsomea yote kama ulivyotaka, ya kitanda, ya dengu, ya mama yangu. Niliruka mstari mmoja tu, ule wa kutamani nisingekuja, ulioandika kwamba huufuti. Bibi akauliza, "Ndiyo mwisho?" Nikasema ndiyo mwisho. Ule ulikuwa wangu, Batuli. Ukifika uje uufute mwenyewe, au uniambie usoni.

Binamu yako,
Shama